Injini ya 150 Kwenye Fremu ya 125: Dalili Zinazojitokeza na Namna ya Kutafuta Chanzo

Kila msimu wa korosho unapoisha, gereji za Mtwara, Masasi na Nachingwea hubaki na pikipiki ambazo fremu zake zimepinda kwa ajali au zimekatika kwa kubebeshwa magunia, ilhali injini zake bado ni nzima. Upande mwingine wapo wenye fremu nzuri na kadi halali, lakini injini zao za cc 125 zimekwisha bloku, kichwa na beringi kwa pamoja, na gharama ya kuzifufua inakaribia bei ya injini ya 150 iliyotolewa kwenye chombo kilichoanguka. Hapo ndipo wazo la kuhamisha injini linapozaliwa. Kwa pikipiki za Kichina zinazotumia injini za ukoo wa Honda CG, wazo hilo si la kubahatisha, kwa sababu masikio ya kufungia injini yanakaribiana sana, na fundi mwenye spana za kawaida anaweza kushusha moja na kupandisha nyingine kati ya asubuhi na adhuhuri.

Matatizo huanza baada ya adhuhuri. Pikipiki inawaka lakini inatetemeka, au haiwaki kabisa, au inakwenda vizuri siku mbili kisha inakula cheni, na mwenye chombo anaamini kwamba ameuziwa injini mbovu. Kwa kazi nilizozishika, sehemu kubwa ya malalamiko hayo haikutoka ndani ya injini bali mahali injini inapokutana na fremu: kwenye bolti, kwenye mstari wa cheni, kwenye nyaya, na kwenye njia ya hewa na mafuta. Ndiyo maana sifungui injini iliyohamishwa mpaka niwe nimemaliza kukagua maungio hayo yote, hata kama mteja amesimama pembeni akinihimiza nivue kichwa.

Kabla ya kufunga

Soma namba iliyogongwa kwenye kasha la injini. Injini nyingi za aina hii huandikwa 156FMI au 162FMJ, na maandishi hayo yana maana: 1 ni silinda moja, 56 au 62 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, na herufi ya mwisho inaonyesha ukubwa, yaani I ni cc 125, J ni cc 150 na L ni cc 200. Injini ya 125 ina kipenyo cha milimita 56.5 na ya 150 ina 62, lakini mwendo wa pistoni kwa zote mbili ni milimita 49.5, na hiyo ndiyo sababu kasha la chini linafanana kiasi cha kuwahadaa hata mafundi wazoefu. Ile ya 200 ina mwendo wa milimita 62.2, silinda yake ni ndefu zaidi, na mengi ya yaliyoandikwa hapa hayatoshi kwa ajili yake.

Namba hiyo haikuambii jambo moja muhimu. Injini mbili zilizoandikwa 162FMJ zinaweza kutofautiana kabisa upande wa juu, moja ikiendesha valvu zake kwa fito zinazopanda kutoka kwenye kemu iliyo chini, na nyingine kwa cheni ya taimingi yenye kemu ndani ya kichwa. Kichwa cha cheni ni kinene zaidi, na kwenye fremu iliyotengenezwa kwa injini ya fito kinaweza kugusa bomba la juu au kukosa kabisa mahali pa kufungia mkono wa kichwa, yaani kipande kinachounganisha kichwa cha injini na fremu. Pima kwa rula kutoka sikio la chini mpaka juu ya kifuniko cha valvu kabla hujalipa pesa.

Suala la karatasi halihitaji maelezo marefu. Kadi ya usajili inayotolewa na TRA ina namba ya chesisi na namba ya injini, kwa hiyo injini mpya bila mabadiliko ya kadi ni kesi inayosubiri kizuizi cha barabarani. Chukua hati ya mauziano na nakala ya kadi ya chombo ilikotoka injini, na kama muuzaji hana hata kimoja, usiinunue.

Ukiinunua, inunue pamoja na nyaya zake. Wauzaji wa spea za mtumba hupenda kukata nyaya karibu na kasha ili injini ikae vizuri kwenye rundo, na kwa kufanya hivyo wanakuachia mafumbo ya rangi ambayo ukanda wa nyaya ungeyajibu wenyewe. Dai CDI yake (kisanduku kidogo kinachoamrisha moto wa plagi), koili ya moto, rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa injini ili uchaji betri), sproketi ya mbele, manifoldi ya kabureta, na nyaya zenye urefu wa angalau shibiri moja kutoka kwenye soketi.

Dalili ya kwanza: inatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi

Dereva mmoja anayebeba abiria kati ya Mikindani na Mtwara mjini alinijia siku ya tatu baada ya kufungiwa injini kwingine. Alisema kwamba umbali wa takriban kilomita 10 unamwacha na vidole visivyohisi, na kioo cha pembeni cha kulia kilikuwa kimejifungua chenyewe njiani. Nilipolegeza bolti ya nyuma ya chini, kikadondoka sakafuni kipande cha kopo la maziwa kilichokunjwa mara tatu. Tundu la fremu lilikuwa la milimita 10, bolti iliyopatikana ilikuwa ya milimita 8, na kopo ndilo lililowekwa kuziba tofauti. Kila pistoni ilipopanda na kushuka, injini nzima ilikuwa ikicheza ndani ya nafasi hiyo.

Namna ya kukagua ni rahisi lakini inataka subira. Legeza bolti zote za injini, iache injini ikae kwenye jeki au kwenye kipande cha gogo, kisha jaribu kupitisha kila bolti kwa vidole bila nyundo. Bolti inayokataa kupita inakuambia kwamba injini imekaa upande, au kwamba fremu imevutwa ili ilingane nayo. Bolti inayopita huku ikichezacheza inahitaji bushi ya chuma iliyokerezwa kwa kipimo. Nafasi inayobaki kati ya sikio la injini na bamba la fremu nayo hujazwa kwa bushi, wala haifungwi kwa kubana nati mpaka mabamba yapinde, kwa maana bamba lililopindishwa kwa nguvu hupasuka kwenye mshono wa kuchomelea, na ufa huo huonekana baada ya wiki kadhaa wakati mteja ameshasahau nani alimfungia.

Ikiwa bolti zote ziko sawa, sikiliza jinsi mtetemo unavyokuja. Mtetemo unaotokea kwenye mwendo fulani tu na kupotea ukiongeza resi mara nyingi ni wa fremu au wa mkono wa kichwa ambao haukuunganishwa. Mtetemo unaoanza kwenye sailensa, yaani injini ikinguruma bila kuongezwa resi, na kupanda moja kwa moja kadiri resi inavyopanda una uwezekano mkubwa wa kuwa wa ndani. Baadhi ya injini za 150 zina shafti ya mizani yenye gia inayoshikana na gia ya krenki, na gia hizo zina alama zinazopaswa kutazamana. Injini iliyowahi kufunguliwa na mtu asiyezijua alama hizo itawaka, itavuta, na itatetemeka maisha yake yote mpaka kifuniko cha upande wa klachi kifunguliwe na alama zirudishwe. Hili ni miongoni mwa mambo machache yanayohalalisha kuifungua injini mapema. Injini nyingine hazina shafti hiyo tangu kiwandani, na kwa hizo mtetemo kiasi ni tabia yake.

Kama ni lazima kuchomelea bamba jipya la mbele, shusha tangi la mafuta kabisa, tenganisha betri na chomoa CDI kwanza, kwa sababu umeme wa mashine ya kuchomelea haufuati njia unayoitaka wewe. Sikio la injini lenyewe lililovunjika ni la aluminiamu, na fimbo za kawaida za kuchomelea chuma haziliwezi.

Dalili ya pili: cheni inatoka, inapiga kelele au inakwisha upesi

Sproketi ya mbele ya injini ya zamani mara nyingi haitaingia kwenye shafti ya injini mpya, kwani ziko shafti zinazotumia sproketi za tundu la milimita 17 na nyingine za milimita 20. Hilo angalau linajionyesha papo hapo. Linalojificha ni upana wa kitako cha sproketi, ambao huisogeza cheni ndani au nje kwa milimita chache ambazo jicho halizioni.

Hapa kwetu pwani kipimo kizuri hakikosekani: chukua mshipi wa kuvulia, funga ncha moja nyuma ya sproketi kubwa, uvute ukiwa umelala bapa juu ya uso wa sproketi hiyo mpaka mbele, kisha angalia unapita wapi kwenye sproketi ndogo. Mshipi unapaswa kugusa uso wa sproketi ya mbele bila kupinda. Cheni iliyokwishatembea nayo husema: ukiona mabamba ya ndani yanang'aa upande mmoja tu, au meno ya sproketi yamelika ubavu mmoja kama wembe, mstari umepinda.

Marekebisho yake yafanywe mbele, kwa kubadili sproketi yenye kitako tofauti, kwa kuigeuza kama umbo lake linaruhusu, au kwa kuhamisha bushi za injini kutoka upande mmoja kwenda mwingine ikiwa nafasi ipo. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kurekebisha mstari kwa kulipinda gurudumu la nyuma kupitia skrubu za kukazia cheni. Kwa kufanya hivyo cheni hunyamaza kidogo, lakini pikipiki huanza kwenda kimshazari na tairi hulika upande mmoja. Angalia pia kwamba cheni na sproketi zote ni za namba moja. Cheni ya 420 na ya 428 zina umbali uleule wa milimita 12.7 kati ya pini na pini, kwa hiyo sproketi ya 420 inaikubali cheni ya 428 na kuzunguka nayo, ila ni nyembamba mno kwa ajili yake na cheni itayumba juu ya meno.

Kuhusu idadi ya meno, injini ya 150 ina nguvu ya kutosha kuongezwa jino moja mbele. Kutoka 14 kwenda 15 kunapunguza mizunguko ya injini kwa takriban asilimia 7 kwa mwendo uleule, jambo linalofaa kwa anayekimbia lami ya Mtwara hadi Mingoyo. Anayepanda na kushuka uwanda wa Makonde akiwa na magunia mawili nyuma nisingemshauri abadili chochote.

Dalili ya tatu: haina moto, au inawaka na kuzimika

Sehemu hii ndiyo inayokula siku za mafundi wengi, na ndiyo iliyokula siku zangu pia. Mwaka nilioanza kazi hii niliunguza CDI mbili katika mchana mmoja, nikamlaumu muuzaji wa spea kwa kuniuzia vitu feki, na ni jioni tu nilipogundua kwamba nilikuwa nikiziunguza mwenyewe kwa waya mmoja.

Ziko CDI za AC na CDI za DC, na maumbo yao yanaweza kufanana. Ile ya AC hupata umeme wake kutoka kwenye koili maalumu iliyo kwenye sahani ya koili ndani ya magneti, na inaweza kuwasha pikipiki hata betri ikiwa imekufa. Ile ya DC hulishwa na betri kupitia swichi ya funguo. Tofauti inayounguza vitu iko kwenye kuzima. CDI ya AC huzimwa kwa kuunganisha waya wake mweusi wenye mstari mweupe na ethi, yaani mwili wa chombo: swichi ikiwa imezimwa waya huo umegusana na ethi, na swichi ikiwashwa unaachwa huru. CDI ya DC huzimwa kwa kukatiwa umeme wa betri. Sasa chukua fremu ya DC, ambamo waya mweusi hutoka kwenye swichi ukiwa na volti 12, kisha uweke injini ya AC. Fundi aliyezoea kuunganisha mweusi na kinachofanana na mweusi atapeleka volti 12 kwenye waya ambao haukutengenezwa kupokea chochote, na CDI inaweza kufa kabla hajapiga kiki ya pili.

Kwa hiyo jaribio la kwanza kwa injini iliyohamishwa isiyo na moto ni kuuchomoa kabisa waya huo mweusi wenye mstari mweupe kwenye CDI ya AC, kuuacha ukining'inia bila kugusa chuma, kisha kupiga kiki huku plagi imelazwa juu ya kichwa cha injini, mbali na tundu lake. Moto ukija, koili na CDI ni nzima na tatizo liko kwenye swichi ya funguo au swichi ya kuzimia. Ukirudisha plagi na injini ikawaka katika hali hiyo, funguo haitaizima, hivyo ingiza gia, shika breki zote mbili na uachie klachi. Moto usipokuja, shika mita. Kwenye nyaya zinazofuata rangi za Honda, waya wa bluu wenye mstari mweupe ni wa pulsa (koili ndogo inayoiambia CDI wakati wa kutoa moto), na waya mweusi wenye mstari mwekundu ni wa koili inayolisha CDI. Ukipima kila mmoja dhidi ya ethi soketi zikiwa zimechomolewa, pulsa hutoa kwa kawaida kati ya omu 100 na 200, na koili ya kulisha CDI hutoa omu mia kadhaa. Sifuri kamili maana yake waya umegusa mwili, na mita isiyosogea maana yake waya umekatika. Rangi hizi ni za ukoo wa Honda na Wachina walioiga. Kwa fremu za Bajaj na nyingine kutoka India fuata mchoro wake, wala usitegemee jicho.

Suluhisho langu kwa fremu ya DC na injini ya AC ni kuhamisha mfumo mzima wa moto pamoja na injini, yaani CDI yake, koili yake na swichi ya funguo yenye nyaya nne, na kuuacha mfumo wa zamani uendelee kulisha taa na honi tu. Wapo wanaofunga CDI ya DC na kutumia pulsa ya injini ya AC. Inaweza kuwaka, lakini urefu wa kijichuma kilicho juu ya magneti, ambacho ndicho kinachoiamsha pulsa, hautoki sawa kwa kila aina, na moto unaweza kuja mapema au kuchelewa kuliko inavyotakiwa.

Hilo linatupeleka kwa injini yenye moto mzuri ambayo hata hivyo inarudisha kiki kwa kishindo au inapiga mafataki bila kuwaka. Uliza kama magneti na sahani ya koili zimetoka kwenye injini moja, kwa maana hivyo viwili ni mume na mke na havitenganishwi. Kama ni vya pamoja, vua magneti utazame kii yake ndogo ya nusu mwezi. Injini iliyopata ajali, au iliyofungwa nati ya magneti bila kukazwa vya kutosha, huikata kii hiyo nusu, magneti inageuka kidogo juu ya shafti, na taimingi yote inapotea.

Na kabla ya hayo yote kagua ethi. Chumvi ya bahari huzitafuna soketi za pikipiki za Mikindani na Msangamkuu mpaka zinaota kutu ya kijani, na injini iliyopakwa rangi upya na kufungwa kwenye fremu iliyopakwa rangi upya inaweza kukosa kabisa njia ya kurudishia umeme. Vuta waya mnene kutoka hasi ya betri mpaka kwenye bolti ya kasha la injini, ukikwangua rangi mahali pa kufungia. Mita ikiwekwa kati ya kasha na hasi ya betri wakati stata inazunguka isizidi volti 0.3 hivi, ikizidi, ethi bado haijapatikana. Stata inayotoa mlio wa tik bila kuzunguka nayo mara nyingi hupona kwa waya huohuo, na isipopona, tazama relei na kebo nene kabla ya kuivua stata.

Dalili ya nne: betri haichaji, au balbu zinaungua

Sahani za koili hazifanani. Ziko ambazo ncha moja ya koili imefungwa kwenye mwili wa injini na umeme hutoka kwa waya mmoja wa chaji na mmoja wa taa, na ziko ambazo koili haigusi mwili kabisa na ncha zake zote mbili huja kwenye rektifaya. Rektifaya ya mfumo mmoja haifanyi kazi sawasawa kwenye mfumo mwingine hata kama soketi imekubali kuingia. Ukipima kutoka ncha ya koili hadi mwilini, soketi ikiwa imechomolewa, na mita ikaonyesha muungano, ni aina ya kwanza; isiposogea, ni ya pili. Ukishajua, tumia rektifaya iliyokuja na injini. Injini ikiwa kwenye resi ya kati, betri inapaswa kupata kati ya volti 13.5 na 14.8. Ikibaki 12.4 haichaji, na ikipita 15 tafuta rektifaya nyingine kabla betri haijachemka.

Dalili ya tano: inakosa nguvu, inamisi, inachemka

Kabureta inayokuja na injini ya 125 ya aina hii mara nyingi ni PZ26, na ile ya 150 ni PZ27. Tofauti hiyo ya milimita moja haizuii pikipiki kutembea, na watu wengi hutembea nayo, lakini kabureta ya 125 yenye jeti ndogo kwenye injini ya 150 huipa mafuta machache kuliko hewa inayovuta. Dalili zake ni kusita unapofungua resi ghafla, joto kupita kiasi kwenye mlima, na plagi iliyopauka kuwa nyeupe. Plagi yenye rangi ya udongo wa kahawia inaonyesha mchanganyiko mzuri, na iliyojaa masizi makavu inaonyesha mafuta mengi au chujio lililoziba.

Hata hivyo, plagi nyeupe baada ya kuhamisha injini husababishwa na uvujaji wa hewa mara nyingi zaidi kuliko jeti. Manifoldi hubadilishwa, matundu yake hayalingani na ya kichwa, ringi ya mpira inabanwa upande, na hewa inaingia bila kupita kwenye kabureta. Iache injini kwenye sailensa na unyunyize maji kidogo kwa chupa kuzunguka maungio ya manifoldi. Sauti ikibadilika pale maji yanapogusa, umeupata mwanya. Wako wanaofanya jaribio hili kwa petroli, na sioni sababu ya kufanya hivyo juu ya ekzosi ya moto wakati maji yanatoa jibu lilelile. Dalili nyingine ya mwanya ni pikipiki inayokwenda vizuri zaidi ukivuta choki.

Upande wa nyuma wa kabureta ndiko injini nyingi za mkoa huu zinakofia. Kabureta ikisogea sentimita mbili tu kwa sababu ya manifoldi mpya, mpira wa kuunganisha na boksi la chujio haufiki, na fundi mwenye haraka huuacha wazi au huufunga kwa mpira wa tairi na waya. Udongo wa Newala na Tandahimba ni mchanga mwepesi ambao wakati wa kiangazi hubaki hewani muda mrefu baada ya gari kupita, na injini inayouvuta mchanga huo bila chujio humaliza ringi na kuikwaruza silinda katika muda mfupi wa kusikitisha. Nimewahi kuvua bloku ya injini iliyohamishwa miezi miwili tu kabla, nikapitisha kidole ndani ya silinda na kuhisi mistari kama ya sahani ya santuri. Kama mpira hauunganiki, tafuta mpira wa aina nyingine au sogeza boksi. Pikipiki hiyo isitoke gereji.

Ipo pia hitilafu moja inayowachanganya wengi: pikipiki inakwenda vizuri tangi likiwa limejaa, na inakata mafuta ikipanda mlima tangi likiwa chini ya nusu. Mafuta kwenye pikipiki hizi hushuka kwa uzito wake tu. Injini iliyoinuliwa kwa bushi, au manifoldi inayoielekeza kabureta juu, hupunguza kimo hicho, na mpira wa mafuta uliozungushwa ukapanda juu kabla ya kushuka hufanya mambo kuwa mabaya zaidi. Fupisha mpira ushuke moja kwa moja, na hakikisha tundu la hewa la kifuniko cha tangi halijaziba.

Mafataki unapoachia resi kwenye mteremko kwa kawaida hutokana na gasketi ya ekzosi isiyobana, hasa pale bomba la ekzosi la fremu ya zamani lilipolazimishwa kukutana na kichwa kipya. Badili gasketi, fungua mikono yote ya ekzosi, kaza kwanza nati za kichwani na mwisho zile za nyuma, ili bomba lisivutwe pembeni.

Gia, klachi na pedeli

Haya ni mepesi. Kebo ya klachi ikiwa fupi, klachi haishiki kikamilifu na injini hupanda resi bila pikipiki kuongeza mwendo. Ikiwa ndefu, gia hukwaruza. Acha mchezo wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya mkono wa klachi. Kama klachi inateleza ilhali kebo iko sawa, uliza ni oili gani iliyomo, kwa sababu baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano ambavyo havifai kwa klachi inayoogelea ndani ya oili. Hakikisha kwamba pedeli ya gia haigusi kasha inaposhuka, kwamba mkono wa kiki haugongi kikanyagio, na kwamba pedeli ya breki ya nyuma inafika mwisho wake bila kukwama kwenye kasha jipya. Mpangilio wa gia ukiwa tofauti na wa injini ya zamani, mwambie mwenye chombo kabla hajaondoka, maana mguu uliozoea kukanyaga mbele hautakumbuka mbele ya lori.

Pale ambapo kweli ni injini

Ikiwa maungio yote yamekaguliwa na bado nguvu hakuna, anza na valvu. Injini ikiwa baridi na alama ya T ya magneti ikiwa imetazamana na alama ya kasha, pistoni ikiwa juu kwenye mbano, nafasi ya valvu za CG ni takriban milimita 0.08 kwa zote mbili. Valvu iliyobanwa bila nafasi kabisa hufanya pikipiki iwake ikiwa baridi na kukataa ikiwa moto. Ndipo ufuate mbano, na moshi: wa buluu unaotoka mfululizo ni ringi au silinda, na unaotoka kwa muda mfupi baada ya kuwasha asubuhi ni sili za valvu, ambazo zinaweza kusubiri.

Pikipiki ya yule dereva wa Mikindani niliikerezea bushi mbili, nikaunganisha mkono wa kichwa ambao haukuwa umefungwa kabisa, na nikamtaka airudishe baada ya kilomita 50. Alirudi. Bolti ya mbele ilikubali robo mzunguko wa spana, zile za nyuma hazikusogea, na oili niliyoimwaga ilikuwa na unga mwembamba wa chuma kwenye chujio la waya. Nililiosha chujio, nikamwekea oili mpya lita moja, nikamwambia arudi tena ikifika kilomita 500.